Bwato ya Chuma Yenye Jina Yangu

Mutoto wangu Jeancy alitengeneza bwato, mutumbwi ya kuloba samaki. Bwato ya chuma, metre tano, rangi ya bleu, na ku ubavu aliandika MAMA ADRIENNE na maandiko meupe, ni jina yangu minye mwenye kukuandikia. Itaingia ku mayi siku ya posho, njo Jumamosi, tarehe makumi mbili na mbili, na mutaa yetu Panda muzima iko inajua.

Jambo sana, Mama Simone wa radio. Unisamehe, salamu ilipashwa kuwa mbele, lakini hii habari inanijaa mu kinywa. Masomo yangu ilikomea ku sixième primaire, darasa ya sita, kwa hiyo maneno yangu ikitembea sawa mbuzi isiyo na kamba, unirudishie mu njia. Kuko kintu naogopa na sina muntu wa kumwambia.

Jeancy ni fundi wa kusouder, wa kuunganisha chuma na moto, mukono ya baba yake marehemu yenyewe, penye anapitisha poste, ile mashine ya kusouder, hautaona alama hata na miwani, ku Panda hakuna wa kumufikia na sisemi hivi juu ni wangu. Mwaka jana kontra yake ya kazi iliisha, akakaa ku kiti mbele ya nyumba miezi munane, anaangalia barabara, akiitwa kula anakula, lakini hasemi, mpaka siku moja akaniuliza habari ya kuloba samaki ku Tshangalele, ku ile kona ya ziwa penye mayi ni fupi, penye inapanda na kushuka vile barrage, ule ukuta ya kuzuia mayi, inafungwa na kufunguliwa, na siku zingine inarudi nyuma kabisa inaacha matope mutupu. Kusema kweli ni minye njo nilimusukuma, nilisema enda mwanangu, mayi yenyewe ni ya magoti, kambale iko inakungoya. Akaanza kukata tôle, mabati ya chuma, kesho yake. Sasa anafanya kazi anaimba, Mama Simone, kisha miezi munane anaimba.

Basi nilialika bantu. Avenue yetu yote, chorale ya bamama ya kuimba, Abbé, padri wetu, atabariki, camion ya kutubeba iko, pagne ya kuvaa ya namna moja iko. Kuko jirani yangu Mama Danielle, mutoto wake Clovis iko na kazi ku carrière, machimbo ya mawe ya Kakontwe, na kila siku ananikumbusha sawa ningekuwa nimesahau. Nikamwambia, wa kwangu hana patron wa kumutuma. Akaniuliza, lakini anajua kuogelea? Nikamujibu, sawa samaki.

Hajue. Hata kidogo. Alipokuwa mudogo nilikuwa namupiga fimbo akisogelea mto, juu ya woga yangu mwenyewe.

Sasa sikia. Siku kumi na moja zimepita tulienda ku ziwa kuona penye bwato itafungiwa. Jeancy akaenda kusalimia chef ya bapêcheur, benye kuloba samaki, minye nikabaki na mumoja wabo, Kitenge, alikuwa anashona filet, wavu yake. Nikamuonyesha photo ya bwato mu telefone. Aliangalia, akaniuliza, "Mama, mutaloba ao mutapika? Hii ni sufuria."

Nikacheka, nikamwambia munabakia na mbao juu hamujue chuma. Hakukasirika. Akasema pole pole, "Chini ya ile mayi kuko visiki, miti yenye barrage ilizamisha. Mbele ya visiki kuko mto ya zamani, pale upondo haufike chini. Saa sita ikipita, upepo inatoka. Yangu ya mbao ikijaa mayi inabaki juu, naishika, nangoya bantu. Ya mutoto wako ikijaa, inaenda chini. Umwambie, mama."

Jeancy akarudi anacheka, alikuwa amepewa nafasi ya kufungia. Tukarudi ku nyumba. Mpaka leo sijamwambia.

Juzi nilikuwa naosha vyombo mu bassin. Nikaweka sufuria juu ya mayi, ikaelea, maridadi. Nikaiinamisha mpaka ukingo ukagusa mayi, ikaingia, ikashuka, ikagonga chini. Mwiko ya mbao ya bugali ilikuwa inaelea pembeni. Nikafanya vile mara tatu. Tangu ile siku nikiona ile maandiko meupe, naona jina yangu inashuka na mutoto ndani.

Nikimwambia, atarudi ku kile kiti. Nisipomwambia, sitaki hata kuiandika. Na bantu nilisha kuwaalika. Nifanye namna gani? Barua unaweza kusoma na majina yote, haina shida, Jeancy anafunguaka radio yenu kila siku ya ine, njo Alhamisi, mu atelier yake ya kazi.

Ni minye, Mama Jeancy, Panda.

*

Mama Jeancy, ni minye Simone wa radio nakujibu, kwanza pongezi. Mutoto mwenye kuchukua tôle na kutosha bwato ndani yake ni fundi, na hapo una haki ya kujisifu. Sasa ukae vizuri.

Unasema unaogopa ziwa. Unaogopa Mama Danielle zaidi. Neno ya Kitenge haikuwa yako, alikupa umupelekee Jeancy, weye ukaifunga mu kitambaa zaidi ya siku kumi. Mto ulimufungia na fimbo, ziwa unamufungulia na chorale. Na ile ya kusema anaogelea sawa samaki: siku akianguka, bantu batasimama kando banapiga makofi, banafikiri anacheza.

Habari ya kiti naielewa, na inaniumiza pamoja na weye. Lakini ku kiti muntu anasimama tena, ulishamuona.

Kisha hii haiko habari ya kumuvunja. Ni kazi ya kumupa. Asouder makasha mbili za tôle, moja mbele, moja nyuma, zisipitishe hata tone, ndani hewa mutupu. Ndio hapo tutaona mukono ya baba yake. Chini ya viti afunge bidon tupu zenye vifuniko. Halafu mupeleke bwato pale mayi inafika ku magoti, muijaze mpaka ukingo, wanaume batatu baishike ku ubavu. Ikibaki juu, ni bwato. Ikienda, ni sufuria, mutaikokota na kamba na hakuna mwenye amekufa. Gilet ya kuelea avae kila siku, hata bakimucheka. Na mwezi muzima wa kwanza apande ya Kitenge, ajifunze visiki, upepo, ile mto ya chini, na kuogelea. Saa sita banarudi ku inchi kavu, hakuna mazungumzo.

Siku usibadirishe. Bantu bakuye, Abbé abariki, muimbe. Mutajaza ile bwato mayi mbele ya macho yabo bote, na mbele ya hapo weye utasimama na pagne yako mupya useme: mutoto wangu hajue kuogelea, anaanza leo. Useme kwa sauti, Mama Danielle asikie.

Bado moja. Uliniomba nisome na majina, siku ya ine, saa yenye Jeancy anafunguaka radio. Nilielewa, mama. Ulitaka kinywa yangu njo iseme. Bon, imesema. Sasa hivi atakuwa amezima poste ya kusouder, amesimama kando ya bwato yake. Usimwache peke yake na sauti ya mugeni. Vaa viatu, uende, na ubebe bassin, sufuria na mwiko, umuonyeshe.

Jeancy, baba, mama yako iko njiani. Anafika na mapumuzi mafupi na maneno mingi. Mupe kiti akae, umusikilize mpaka mwisho. Na benye bote mulialikwa, na Mama Danielle, na Clovis wake kama kazi itamuachilia, tunaonana ku ukingo ya Tshangalele, siku ya posho, tarehe makumi mbili na mbili.