Kipa wa Matrah Langoni Mwako

Seif, ndugu yangu,

Leo alasiri nimekuja kaburini nikakutolea salamu, lakini sikuweza kusema zaidi, maana Hamed alikuwa ubavuni kwangu na mimi mbele ya Hamed sipendi kulia. Basi nimerudi nyumbani Sidab, nimekaa chini, nnakuandikia. Yapo mambo ya timu ambayo lazima uyasikie kwangu, na tafadhali usinune kabla sijamaliza.

Tumemtoa Nassor. Ndiyo, mdogo wako. Sasa yuko timu ya Matrah, anavaa fulana yao ya kijani, na kipa wao wa akiba amekuja kwetu, anasimama pale ulipokuwa ukisimama wewe. Haya, nimekwisha kusema. Sasa nipe nafasi nikueleze.

Ulipofariki watu walinikabidhi timu yetu ya hoki kabla hata matanga hayajaondolewa. Sikuitaka. Mimi beki, kazi yangu kupiga mpira mbali na kugombana na refa. Kupanga watu ilikuwa kazi yako. Unakumbuka ulivyokuwa ukila tende huku unazipanga kokwa juu ya mkeka, hii Hamed, hii Nassor, hii mimi, unazisogeza na kuzirudisha mpaka mama yako anakuja kuuliza kama unakula au unacheza bao? Na mimi muda wote huo nnazimaliza tende zako. Baada ya matanga nilikaa mkekani nikazipanga mwenyewe. Ile kokwa ya langoni, yako, nilibaki nayo mkononi. Sikuweza kuiweka, Seif. Nilikaa nayo mpaka mke wangu akaja akanichukulia sahani.

Tulimjaribu Hamed. Huyo mtu wa Sib unamjua, mzaliwa wa nchi hii, shujaa wa maneno, lakini gongo la hoki likinyanyuliwa mbele yake anafumba macho. Tukamjaribu yule fundi cherehani, akasimama vizuri mpaka mpira ulipompata gotini, akatwambia yeye ana watoto wa kulisha, akenda zake. Kila Ijumaa tulifungwa. Watu wakaanza kukosa mazoezi, huyu anaumwa, yule ana mgeni, na hapo ndipo nilipoingiwa na khofu. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema, "Timu hii ndiyo mtaa wetu." Na kweli. Tuliposhuka melini baada ya yale mapinduzi ya Unguja, hatuna nyumba, hatumjui mtu, watu wa hapa wanakicheka Kiarabu chetu, ni hoki iliyotukusanya. Timu ikifa kila mtu atabaki kivyake.

Ndipo Matrah walipoleta maneno. Walimtaka Nassor, kama walivyokuwa wakimtaka ulipokuwa hai, na wewe ukiwakatalia. Kwa Nassor watatupa Murad, yule Mbaluchi mrefu, kipa wao wa pili, na beki mmoja juu yake. Nimeyapima mpaka kichwa kikaniuma. Bila ya kipa tunafungwa, lakini bila ya Nassor nani atafunga? Winga wa kushoto mwengine hatuna. Waliobaki wote wanakimbia kama wamebeba magunia. Halafu kulikuwa na jengine. Nassor hana kazi, na tajiri wa timu ile anawapa wachezaji wake kazi katika maghala yake. Nikamuuliza mwenyewe anataka nini. Akasema, "Kama alivyosema kaka." Kila nikimuuliza ni hivyo hivyo. Tokea siku ya maziko yako hajalia, hajacheka, anacheza mpira wake na kurudi nyumbani. Basi nikaamua jibu litakuwa lile lile lako. Hapana.

Wakaja nyumbani kwenu baada ya alasiri, kama wanavyokuja watu kuposa, mzee wao Sheikh Humaid na wenziwe wawili, na bakuli la halwa. Nassor akamimina kahawa. Mama yako alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Sheikh Humaid akakuombea dua, ndefu na nzuri, mpaka nikaona haya kwa hapana niliyokuwa nayo mdomoni. Kisha akasema kilichomleta, akakiweka kikombe chake mkekani mbele yake, hakukionja. Wenziwe nao wakaweka vyao. Nikadhani kahawa kali. Mimi nikajiambia, si adabu kumkatalia mgeni ambaye hata kikombe hajakigusa, ngoja anywe kwanza.

Mama yako akasema kutoka nyuma ya pazia, "Kunyweni, Sheikh. Kahawa inapoa."

Mzee akanyanyua kichwa. "Tunywe, mama?"

"Kunyweni."

Wakanywa wote. Wakala halwa na sisi, wakamkumbatia Nassor, wakaaga. Neno langu la hapana sikulisema kabisa. Na mimi mjinga nikafurahi, nikadhani wameona hali ya msiba wakastahi, wameiacha habari yao.

Hamed nilipomhadithia alishika kichwa. Akaniuliza nani aliyewaambia wanywe. Kumbe katika nchi hii mtu akija na haja yake hukiweka kikombe chini, hakinywi mpaka akubaliwe. Ukimwambia kunywa, umeshampa alichokuja kukitaka, na kurudi nyuma ni aibu ya nyumba nzima. Sisi kule kwetu kahawa ni kahawa. Mgeni asipokunywa tunamhimiza mpaka anywe kwa kutuonea haya. Hamed alinitukana njia nzima ya mlimani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa na haki.

Nikenda mbio kwa mama yako. Nilikwisha panga maneno: nitakwenda Matrah mwenyewe, nitamwambia Sheikh sisi wageni wa ada zao, bibi alikuwa anakaribisha tu, watatusamehe. Nilimkuta anapepeta mchele. Aliniacha niseme yote, hakusimamisha ungo.

"Mwanangu," akasema, "misiba mingapi nimekaa na wanawake wa hapa? Posa ngapi? Kikombe kikiwekwa chini nnajua maana yake."

Nikabaki nimesimama. Akaniambia kwamba wewe ulimzuia Nassor kwa kumpenda, na yeye amemwachia kwa kumpenda. Akasema mmoja amemzika katika ardhi hii na huyu aliyebaki anataka amuone anaamka asubuhi akijua anakwenda wapi. "Ningekuachia wewe," akasema, "ungesema hapana kwa ajili ya Seif. Na Seif hayupo." Akaendelea kupepeta. Mimi nikakaa nikamsaidia kutoa mawe.

Basi Murad akaja. Kipa mzuri, Seif, lazima niseme haki. Mpole, hana maneno mengi, mikono yake inafika pembe zote. Lakini mimi nikiwa nyuma, mpira ukija kwa kasi, mdomo wangu ni ule ule wa siku zote. "Seif, toka. Seif, kushoto." Jina linatoka lenyewe. Siku ya mwanzo nilitaka kumtaka radhi nikashindwa. Yeye hakunisahihisha hata mara moja. Nikiita anatoka.

Jana tumecheza na Matrah, kwenye ule uwanja wa changarawe wa Wattaya. Nassor akaupata mpira upande wake, akampita Hamed, akanipita mimi, miguu yangu unaijua. Akabaki yeye na Murad. Nikapiga kelele, "Seif, toka!" Murad akatoka.

Nassor akasimama. Akasimama wima na gongo mkononi, anatazama langoni kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. Mpira ukaenda wenyewe polepole mpaka ukatoka nje. Hata watu wa Matrah hawakumlaumu. Kisha akachutama pale pale kwenye changarawe akalia. Alilia, Seif, kilio ambacho hakulia siku tuliyokuzika. Murad ndiye wa kwanza kumfikia, na pedi zake miguuni, akakaa chini pamoja naye. Mimi nikafika wa pili. Timu zote mbili zikangoja na refa akangoja. Baadaye akajifuta uso kwa fulana ya kijani, akainuka, akatufunga mawili.

Tulipokuwa tunarudi Murad akaniuliza, kwa mara ya kwanza, huyo Seif alikuwa nani. Nikamhadithia mpaka tukafika. Nikamwambia hata ulivyokuwa ukikoroma.

Nnakuahidi mambo mawili. Nassor nitamwangalia kama wangu, hata akitufunga magoli mangapi. Na jina lako sitalipiga kelele tena uwanjani kumwita mtu mwengine. Murad nitamwita Murad. Lako nitalitaja katika dua zangu, kila sala, maadamu nnapumua. Mama yako nitakwenda kumuona kila Ijumaa nikitoka kwako.

Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako na akutie nuru. Pumzika, ndugu yangu. Langoni pana mtu.

Beki wako