Nilivyofilisika kwa Sababu ya Kolesteroli

Jumamosi. Mvua imeacha matope mekundu Bunia nzima, na mengine niko nayo mpaka magotini.

Nianze na kukiri. Jumatano walinipima damu kwenye kituo cha afya, wakaniambia kolesteroli yangu iko juu sana.

Nilifurahi.

Dada yangu mkubwa, Yaya Régine, alipimwa pamoja nami. Yeye analima muhogo upande wa Mahagi, na amekuja kunitembelea. Damu yake ilikuwa safi. Nikajisemea moyoni: ona, hata mwili unajua nani ana duka la vitambaa vya vikwembe na nani ana jembe. Zamani nilibeba vitunguu kichwani mpaka sokoni. Leo napanda pikipiki hata kwenda kanisani, mwendo wa dakika tano, na nyama ya kukaanga haikosi mezani kwangu.

Muuguzi aliniona nikitabasamu.

"Mama Gloire, hii haiko diplome," akasema. "Mafuta iko inaziba mishipa. Siku moja moyo itasimama."

Tabasamu likakauka. Baba yake Gloire alishafariki. Mtoto amebaki na mimi tu.

Nikaambiwa nipunguze mafuta, nitembee kwa miguu.

Basi leo asubuhi nilitoka na Yaya kwenda dukani kwa miguu. Hatukufika mbali. Motari wangu wa kila siku akasimamisha pikipiki, akanitazama kwa huruma. "Mama, panda tu, leo bure. Najua biashara iko mubaya."

Mbele kidogo tukakutana na shemasi wetu. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, kama kwenye matanga, akasema wataniombea.

Dukani nilikuta mteja ananisubiri mlangoni. "Nimesikia unafunga duka. Utatupunguzia bei ya vikwembe?"

Yaya Régine alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nilitaka kulia. Ukweli ni kwamba nilishatoa simu kumwita yule motari.

Sijui nini kilinipanda kichwani. Nilisimama mlangoni nikapiga kelele: "Sijafilisika! Ni damu yangu ndiyo iko na mafuta!"

Soko zima likageuka kunitazama. Hata wabeba mizigo walisimama.

Kisha Mama Béa, anayeuza mandazi mbele ya duka langu na ambaye hajawahi kupanda pikipiki kwa pesa yake, akanisogelea. Yeye hukaa mbele ya karai la mafuta kutwa nzima, na chakula chake cha mchana ni yale mandazi yaliyobaki. Akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Weye, walikupima wapi?"

Nikamwelekeza. Sikucheka. Kumbe nilichoita utajiri, yeye anaweza kuwa nacho bila hata duka.

Kesho ni Jumapili, tunakwenda kanisani kwa miguu, mimi na Yaya. Nitavaa kikwembe changu cha bei kali kuliko vyote, watu wasije wakanichangia sadaka.