Mama Rebeka na Kurasa Nne za Mwisho

Mwaka umetimia, Paskalia wetu, tangu ulipotutoka asubuhi ile ya Jumanne, ukiwa umeshatuuliza kama mbuzi wamefunguliwa. Walikuwa wamefunguliwa. Watoto wamesema niandike mimi mumeo, ila nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Masumbwe nzima inajua ulivyouza vitenge huku kitabu kikiwa wazi mapajani. Mteja akikukuta katikati ya sura, aliketishwa kwenye benchi, akamiminiwa chai, akasubiri. Hatukusikia aliyekasirika. Wengine waliondoka bila kitenge, wamebeba kitabu cha kuazima, nawe umeshakivalisha jalada la kipande cha kitambaa kisichafuke.

Na vyote vilikuwa vya mwandishi mmoja. Cha kwanza alikiacha mwalimu mpangaji wetu alipohamishwa. Ulikifungua uone kama kinafaa kuwashia moto, maharage yakaungua, ukaniambia umempata mtu anayekujua bila kukuona. Sikula vizuri wiki nzima. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na ng'ombe. Nikaanza kujifunza herufi kwenye mifuko ya saruji, nijue huyo mwanaume anakuambia nini hata ucheke peke yako. Kufikia kitabu cha tatu nilikuwa nasoma. Kufikia cha tano nami nilikuwa nimempenda, ila sikukuambia.

Cha saba ndicho kilichonitesa mwaka huu. Kile cha Hadija, karani wa tiketi, amesimama stesheni na sanduku lake, hajui apande treni au arudi kwa mume. Ulikuwa umebakiza sura moja. Nikakiiba, nikaenda nacho kwenye duara, lile shimo la dhahabu tulilochimba na Mabula, mchimbaji mwenzangu, nikimalize kabla yako. Kabla sijaketi kusoma tukaosha mchanga, tukapata chembe chache, na kama kawaida ikatakiwa karatasi ya kuzifungia. Sasa, vitabu vyote sita vya mwanzo vya mwandishi wako, kurasa za nyuma zilikuwa matangazo ya vitabu vingine. Nikachana karatasi mbili bila kutazama. Mnunuzi akaondoka kwenda Geita na dhahabu yetu, imefungwa ndani ya mwisho wa Hadija.

Nikakuambia ni mchwa. Ukasema mchwa hao wana adabu, wamekula kwa mstari.

Maduka ya Kahama hayakuwa nacho, wala ya Shinyanga. Siku tatu uliuza vitenge bila kitabu mapajani. Siku ya nne nikadai kwamba nilikuwa nimeusoma ule mwisho kabla ya mchwa, nikakusimulia. Hadija alipanda treni, akashuka Isaka, akatembea kwa miguu mpaka Masumbwe, simba akimbebea sanduku, akaolewa na mchimbaji mfupi mwenye sauti nzuri. Ulicheka mpaka ukajifuta machozi kwa kanga. Tangu hapo, kila ukichoka ulitaka nirudie.

"Baba Rebeka," uliniambia mara moja, "mwaka jana simba alikuwa mmoja."

"Huyu wa pili ni mdogo wake," nikakujibu.

Hata siku zako za mwisho uliomba hiyo hiyo. Nilisimulia, na nilipotoka nje nikajiona mwizi. Ulikuwa unakwenda ukiamini uongo wangu, tena juu ya kitu ulichokipenda kuliko vyote, ukiondoa Mungu na wanao. Hilo nimelibeba tangu mazishi. Kwa padri nilishindwa kuungama. Ningeanzia wapi, kwenye simba?

Mwezi uliopita alikuja Zipora, rafiki yako muuguzi wa hospitali ya Kolandoto, kupanga nasi misa yako. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ulipolazwa kule miaka sita iliyopita, alikuletea nakala yake ya cha saba, nzima, ukaisoma mpaka neno la mwisho. Hadija anapanda treni, treni inaondoka, basi. Zipora alitaka uje nayo nyumbani unionyeshe. Ukakataa.

"Usimwambie," ulimwambia. "Mwandishi wangu alimwacha Hadija njiani. Mume wangu amempatia pa kulala."

Na wiki ile ile uliporuhusiwa, ulifika, ukaketi, ukaniomba nikusimulie mwisho. Nakumbuka niliongeza twiga.

Nimepumua, mke wangu. Wabeja, asante. Juzi nimeusoma mwisho wake wa kweli, na mwandishi wako ni fundi, sibishani naye. Nimekuwa nikilala vizuri.

Unakumbukwa na mimi mumeo, Maduhu. Wanao Rebeka na Thobias, na wajukuu zako. Wifi yako Ghati. Zipora na Mabula. Na akina mama wa sokoni, ambao bado wana vitabu vyako na wanaendelea kuazimana. Misa itasomwa Jumamosi saa tatu asubuhi, parokiani kwetu.

Pumzika, Paskalia. Siku zote tulizobakiza, wewe umo.