Mapovu Ndani ya Ini Langu

Mume wangu mtoro,

Salamu sikupi mpaka nikuseme kwanza. Miezi mitano hujakanyaga mlango wangu, mjukuu gani wewe? Hata mafua hunitembelea zaidi kuliko wewe. Haya, hujambo? Mke mwenzangu hajambo? Mwambie akulishe unenepe, nataka siku nikikushika kofi lipate shavu. Mimi mzima wa mdomo tu. Barua anaiandika fundi cherehani wa jirani, nami nimemkataza kunilainishia maneno.

Nasikia umempigia simu yule daktari wa picha ukamwita mzembe, eti ameshindwa kumpima bibi kizee mmoja, na kwamba utamshtaki kwa mkubwa wake. Ushujaa wa simu! Miguu yako iko wapi?

Altrasaundi ya kwanza ilionyesha uvimbe kwenye ini langu, ila haikuweza kusema ni wa namna gani. Basi safari ya pili wakanichoma sindano ya mshipa, dawa ya mapovu madogo mno, yanayokwenda na damu na kung'aa kwenye kioo cha mashine. Yule daktari, binti mdogo kuliko wewe, alinieleza bila kunificha. Alisema uvimbe ukijaa taratibu kuanzia pembeni ukabaki unang'aa, mara nyingi hauna ubaya. Lakini ukiwaka upesi kisha ukafifia, na ini lililouzunguka bado linang'aa, hapo pana la kuogopa. Akanisihi nipumue polepole nisijigeuze, maana mapovu hayakai, dakika chache tu yameisha. Nikamjibu kwamba nimezaa watoto saba bila kufundishwa kupumua.

Mliambiwa kikohozi kilinibana, picha ikaharibika. Ukoo mzima ukamlaani binti wa watu, nami nikakaa katikati yao nachochea.

Sasa nikwambie nisilomwambia hata mama yako. Kikohozi kile nilikitengeneza mwenyewe. Nilikuwa nimekodolea kioo macho, nikauona uvimbe unawaka mara moja, kabla hata ya ini lenyewe. Nikajua sasa kilichobaki ni kufifia au kutofifia. Mimi niliyezika watoto wawili bila kuyumba, nikaogopa kutazama. Nikakohoa, nikajipindulia ukutani kama mtoto anayekataa dawa, mpaka mapovu yakaisha. Binti alijua. Alinifuta ule ute wa mashine walionipaka tumboni, akasema tutarudia, na hakunisema kwa mtu, hata ulipokuwa unamtukana.

Mpigie tena umwombe radhi kwa ulimi uleule. Wasalimie wote wa huko, hata wasioniulizia.

Ni mimi bibi yako, na hili hapa dole gumba langu.

Fundi hajafunga bahasha, kwa hiyo naongeza. Wanarudia Alhamisi, saa tatu asubuhi. Uje. Usiniletee matunda wala machozi. Simama kati yangu na kioo nisikione, unikamate bega hili la kulia kwa nguvu, na nikianza kukohoa usinihurumie. Kutazama utatazama wewe.