Kona ya Blanketi

Akinyi mjukuu wangu,

Hapa Rongo hatujambo, na babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza kwa nini nafumua blanketi zima la viraka kwa sababu ya kona moja, na ni la kupeleka bure wodi ya watoto.

Nikiwa msichana huko Mbita, mafuriko yalibomoa nyumba ya mama mmoja jirani. Nilimshonea blanketi harakaharaka, nikijiambia, "Si ni la bure?" Alinishukuru sana. Kesho yake nilimkuta ameketi juani, akiishona upya kona yangu kwa uzi wa nyavu. Hakunilaumu. Alisema tu, "Watoto watajifunika hili."

Basi usinionee huruma. Hili la leo nimelifumua mara mbili, na kona bado imepinda. Nalifumua tena.

Nyanya yako