Mkwe Wangu Kakataa Ukocha kwa Sababu Yangu

Mpendwa mshauri,

Nina miaka sabini na sita na meno yangu karibu yote ni yangu mwenyewe, nimeishi kuliko kaka zangu wote, kuliko lile jukwaa la mbao la uwanjani lililoungua, kuliko wenyeviti wa klabu wasiohesabika, na makocha ndio usiseme, wanaingia na tai wanatoka na mabegi, mimi nipo palepale mlangoni nakunja soksi. Shikamoo sikupi kwa sababu nikiangalia picha yako hapo gazetini naona wewe ni sawa na mwanangu wa mwisho, lakini msaada naomba, na watu wanaonijua watakwambia mimi si mtu wa kuomba. Naandika mwenyewe, shule niliishia pale walipoanza hesabu za kugawanya, kwa hiyo ukikuta nukta haipo mahali pake iweke wewe.

Mimi ni mtunza vifaa wa timu ya mpira wa miguu, timu kubwa ya ligi kuu, siitaji kwa sababu kila mtu anaijua na kwa sasa inatia aibu. Jezi, bukta, njumu, glovu za kipa, koni za mazoezi, vyote vinapita mikononi mwangu, na hakuna mchezaji aliyewahi kuingia uwanjani na jezi yenye uzi unaoning'inia tangu nianze kazi, hata waseme vipi. Wananiita Babu Soksi. Ndani ya chumba cha kubadilishia nguo nina kiti changu cha plastiki, mguu mmoja nimeufunga waya, hakuna anayekikalia, hata mwenyekiti wa klabu alipokuja alisimama. Na kuna kitu kingine, wakati wa mapumziko wachezaji wakiingia wanahema, neno la kwanza ni langu, kisha ndipo kocha anasema yake. Sikumbuki nani aliyelianzisha, labda ni mimi, lakini makocha wote wamelikubali, wengine kwa kucheka wengine kwa kununa.

Sasa msimu huu tumefungwa mpaka watoto wa mtaani wananiuliza kama naosha jezi au nazifariji. Tupo mkiani kabisa, tukishuka daraja wafadhili wataondoka na wafanyakazi tutatawanyika kama kuku. Wakamfukuza kocha. Wakaanza kutafuta mwingine, akaja mmoja akataka nyumba yenye bwawa la kuogelea kabla hajauliza hata jina la kipa, akaja mwingine akawasha kompyuta akawaonyesha viongozi mishale tu, mishale huku mishale kule, mwenyekiti akasinzia. Wa tatu akawa mkwe wangu, aliyemuoa binti yangu mkubwa, ambaye alichukua timu ya daraja la pili yenye wachezaji waliochoka akaipandisha. Kamati yote ikamtaka. Akaomba siku chache za kufikiri.

Mshauri, huyo kijana ninamshukuru mpaka nakosa maneno, na mimi sikosi maneno. Mke wangu aliumwa muda mrefu, miguu ikakataa, sisi tunakaa ghorofa ya tatu na lifti ilikufa zamani. Mkwe wangu ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni kumpeleka kliniki na kumrudisha, mkwe kumbeba mama mkwe, umeona wapi? Mwanzoni mke wangu alijifunika uso kwa mtandio kwa haya, baadaye akazoea, akawa anacheka huko mgongoni kama msichana. Mimi nilikuwa natangulia mbele kwenye ngazi nawaongoza, kulia, kushoto, polepole hapo pana maji, bila mimi wangeanguka, ingawa mke wangu alikuwa ananifokea, "Mzee, pisha! Mwache anayebeba abebe!" Na mashuka yake mkwe alifua kwa mkono, mimi fundi wa kufua nikawa nimekaa tu kitandani nimeshika mkono wa mke wangu, kwa sababu siku zile mikono yangu ilikuwa haifanyi kazi nyingine. Alipofariki, kijana ndiye aliyelia kuliko sisi wote.

Basi nikasema zamu yangu ya kumsaidia imefika. Nikavaa koti, nikaenda ofisini kwa mwenyekiti, nikamkuta na katibu na wajumbe wanakunywa chai, nikawaambia, "Huyo mpeni bila wasiwasi, ni mkwe wangu, akiyumba nitamshika sikio, mimi hawezi kunipinga." Wakacheka sana. Mwenyekiti akasema, "Kumbe tunaajiri makocha wawili kwa mkataba mmoja!" Nikatoka pale nimenyooka kama mwanajeshi.

Kesho yake mkwe akawapelekea ujumbe kwamba hataichukua kazi, ana mambo ya kifamilia. Mambo gani? Nikampigia, akasema, "Baba, usijali, tuombe uzima." Ndipo binti yangu akaja, hakukaa hata kitako, akaniambia, "Baba, kazi anaitaka mpaka hali chakula. Lakini ataingiaje kile chumba akukute kwenye kiti chako? Atakukatizaje? Atakwambiaje leta maji, ondoa koni, nyamaza? Na wewe umeshawatangazia kwamba umemshika sikio!" Nikamwambia, "Sasa kosa langu ni kumsifia mumeo?" Akasema, "Baba, hukumsifia. Umejisifu." Akaondoka, na chai niliyomwekea ikapoa.

Mwenyekiti amesema mlango upo wazi mpaka Ijumaa, baada ya hapo wanamchukua yule wa bwawa. Sasa nimebaki na njia mbili. Ya kwanza, nimwamuru mkwe wangu kama baba yake achukue kazi, najua nikimwamuru hatakataa. Ya pili, nirudishe ufunguo wa stoo, niondoke kabisa, nikae nyumbani niangalie ukuta, ili yeye awe huru. Nataka kumlipa wema wake na kila nikinyoosha mkono naangusha kitu. Nifanye lipi?

Babu Soksi

Mshauri anajibu

Mzee wangu, shikamoo, tena shikamoo ya dhati, kwa sababu mtu aliyekaa ameshika mkono wa mkewe mpaka mwisho anastahili kuamkiwa vizuri. Sasa kaa vizuri kwenye hicho kiti chako cha waya, nikuseme.

Uliwaendea mabosi wa mkwe wako, wakiwa na vikombe mkononi, ukawaambia sikio lake umelishika wewe. Hivi hukuona kwamba umemvua nguo kabla hajavaa jezi? Kocha ambaye viongozi wanajua ana mtu wa kumkatiza atafungwa kabla ya mechi. Binti yako amekwambia ukweli kwa maneno machache kuliko nitakayotumia mimi, na ulipaswa kumkimbilia na ile chai.

Njia zako zote mbili ni mbovu. Ukimwamuru, atakuja, na siku ya kwanza tu wachezaji watajua nani amemleta. Ukiondoka, mtaa mzima utasema kijana kamfukuza baba mkwe wake, naye ataibeba lawama hiyo kama alivyombeba mkeo, tofauti ni kwamba hiyo haina kliniki ya kuipeleka. Hizo njia zote mbili, mzee wangu, zinakuhusu wewe. Kwenye zote wewe ndiye shujaa.

Na kuna jambo moja, nimeisoma barua yako mara mbili nikilitafuta. Umeniambia mimi, nisiyekujua, kwamba unamshukuru. Umeliambia gazeti zima. Yeye mwenyewe umemwambia? Sikuona mahali.

Ushauri mke wako alikupa zamani, pale kwenye ngazi, bila malipo. Ulikuwa unawaongoza wakati yeye alitaka upishe. Mimi sina la kuongeza zaidi ya kukueleza namna ya kupisha.

Rudi kwa mwenyekiti kabla ya Ijumaa, ofisi ileile, watu walewale, uyafute maneno yako kwa mdomo uleule. Kisha nenda nyumbani kwa mkwe wako. Usimwite kwako, nenda wewe. Usimtume binti. Mshukuru kwanza kwa ajili ya mama yao, na usitie habari za timu ndani ya shukrani hiyo, iache isimame peke yake. Halafu mwambie nyumbani yeye ni mwanao, lakini ukivuka mlango wa kile chumba yeye ni Kocha na utamwita Kocha. Neno la kwanza la mapumziko mrudishie, ni lake. Mwisho muulize kama anakutaka pale. Akisema hapana, mkabidhi ufunguo bila hotuba. Akisema ndiyo, siku ya kwanza atakayokupa amri mbele ya watu, itii papo hapo, bila mzaha, bila kukonyeza mtu. Hiyo itamfaa kuliko sifa zote ulizomwaga ofisini.

Unaweza. Mtu aliyekaa kimya kando ya kitanda anajua kukaa kimya. Koti unalo, livae.

Barua ya pili ya Babu Soksi

Mpendwa mshauri,

Asante. Nimeanza na asante kwa sababu ulinisema kwamba huwa naichelewesha. Ulinitukana kidogo lakini kwa adabu, nimekusamehe, na ninakushukuru, tena sana.

Kwa mwenyekiti nilienda. Nilisimama, nikasema, "Yale niliyosema juu ya sikio nimeyaondoa, sikio ni la kwake." Katibu akauliza kama nimekunywa kitu. Mwenyekiti hakucheka safari hii, alinyanyuka akanifungulia mlango kwa mkono wake, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu yeyote, hata waziri.

Kwa mkwe nilimkuta anamenya viazi. Akaruka kunipa kiti kizuri, nikakikataa, nikakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kukushukuru kwa ajili ya mama yenu. Zile ngazi. Yale mashuka. Sijawahi kukwambia." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri sana, nakwambia ungelia, lakini yalikwama. Naye akageuza kisu mkononi, akasema, "Baba, alikuwa mwepesi." Basi. Tukamenya viazi vyote viwili vilivyobaki, na binti yangu alipoingia akatukuta tunapenga kamasi akadhani tumekata vitunguu.

Ndipo nikamwambia yale mengine. Nikamuuliza ananitaka au hanitaki. Akasema, "Nakutaka, Baba, lakini nitakuwa mkali." Nikamwambia mimi nimefanya kazi na wakali tangu yeye hajazaliwa. Nikakumbuka gazeti, nikasema, "Sawa, Kocha."

Ijumaa akasaini.

Mechi ya kwanza mpaka mapumziko tulikuwa tumefungwa moja. Wachezaji wakaingia wanahema, wakakaa, wote wakanigeukia kungoja neno, ndiyo mazoea yao. Mimi nikawa nageuza soksi moja ndani nje, nje ndani, ulimi nimeuuma. Kocha akasema, bila kuniangalia, "Babu Soksi, chukua ndoo, utungojee nje. Funga mlango." Mshauri, maisha yangu yote sijawahi kutolewa kwenye kile chumba! Kipa wetu, tunamwita Komeo, akainua kichwa kuona nitalipuka vipi. Nikasema, "Sawa, Kocha." Nikachukua ndoo. Nikafunga mlango, tena taratibu, bila kuubamiza, ingawa ni mlango unaobamizika vizuri.

Huko koridoni dereva wa basi letu akanisogezea kreti la soda nikae. Akaninong'oneza, "Wamekufukuza?" Nikamwambia, "Nimetumwa." Alichokisema Kocha mle ndani mpaka leo sikijui. Ninachojua ni kwamba walitoka kama watu waliokumbushwa kitu, na tukasawazisha, na bado tupo mkiani lakini sasa kuna mwenzetu chini yetu.

Jumapili wakaja kwangu kula mchana. Wameshiba, mkwe akaniuliza kwa heshima, "Baba, kama ningekuachia neno la kwanza siku ile, ungesema nini?" Nikamwambia ningesema lile ninalosema siku zote, "Vuteni soksi juu." Akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza, "Miaka yote hiyo neno ni hilo tu?" Nikamwambia neno ni fupi lakini limebeba mengi. Mechi iliyofuata, kabla hawajatoka uwanjani, nikamsikia kwa masikio yangu akiwaambia, "Na soksi zivutwe juu, mtunza vifaa anawaangalia." Asante hiyo nimeipokea, sikuongeza kitu, nilijikuta nainamia njumu ambazo nilikuwa nimeshazipiga brashi.

Ukidhani nimetia chumvi, waulize walioona. Dereva wa basi alikuwa nami koridoni, ila usimuulize habari za barabara, hatanyamaza. Komeo alikuwa ndani, ataapa kwamba mlango sikuubamiza. Binti yangu atakwambia habari za viazi. Na Kocha mwenyewe yupo, mkwe wangu, ukimpata ana nafasi. Mke wangu ndiye hayupo, na shahidi niliyemtaka zaidi ni yeye, maana ndiye peke yake angeweza kusema kwa hakika kwamba safari hii nimepisha.