Mama Marta, Haya Ndiyo Lilian Aliyoshindwa Kukuambia

Umetimia mwaka, Mama, tangu Alhamisi ile ya mwezi wa tano ulipotutoka. Baba bado analala upande wake wa kitanda, upande wako hausogelei. Migomba ya hapa nyumbani Akheri ameipalilia mwenyewe na imezaa vizuri.

Tulitaka tangazo hili liwe fupi kama matangazo ya wengine: jina, picha na mistari miwili mitatu. Picha tulishaichagua, ile uliyovaa aproni, unamcheka mtu ambaye haonekani. Lakini Lilian, mzaliwa wako wa kwanza, alikuja nyumbani Jumapili baada ya ibada akasoma tulichoandika, akakirudisha mezani.

"Mkisema tulimuenzi akiwa hai mtakuwa mmedanganya," alisema. "Andikeni nilichofanya."

Baba akamuuliza, "Kwenye tangazo la kumbukumbu, mwanangu? Watu watasoma."

"Ndiyo maana, Baba."

Kwa hiyo tunakuandikia hivi.

Ulipika miaka ishirini na nane kwenye majiko ya hoteli za watalii. Ulipostaafu tulidhani utakaa Akheri upumzike. Wewe ukakodi chumba mjini, Ngarenaro, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ukaweka majiko mawili ya gesi, meza ndefu na vibao vya kukatia. Kisha ukamwendea afisa ustawi wa jamii ukamwomba akuletee vijana waliotoka gerezani na wale wenye kifungo cha nje, uwafundishe mapishi hadi wapate kazi. Akakuuliza unataka wa namna gani. Ukamwambia, "Wanaoweza kuamka mapema."

Siku ya kwanza ulimpa kila mmoja kisu, kitunguu na nafasi yake mezani. Hukuwauliza walifungwa kwa nini. Ulisema hayo ni yao, watayasema wenyewe kwa wanayemtaka. Ulichouliza ni kama wamenawa. Aliyechelewa alimenya viazi vya darasa zima. Kila mtu alikuwa na kijiko chake cha kuonjea, kimefungwa uzi wa rangi yake, na ole wake atakayetumia cha mwenzake. Walikuita Mwalimu.

Sisi tuliwaita "wale wa Mama." Mwanao Yoeli alipokuja kukuchukua kwa gari jioni alipiga honi nje. Hakuingia hata siku moja. Lilian, huko kwake Njiro, wageni wakimuuliza mama yake anafanya nini siku hizi, alijibu, "Anafundisha mapishi." Hakusema unawafundisha akina nani. Hata Baba alikuomba mara moja usiwaalike Krismasi. Uliwapikia ya kwao, tarehe ishirini na saba, na sisi hatukuja.

Namnyaki alifika kwako akiwa na miaka ishirini. Alikuwa amekaa gerezani miaka miwili kwa kumjeruhi mteja kwa chupa kwenye baa alikokuwa akihudumu. Wiki za kwanza alishika kisu kana kwamba kina moto. Ulisimama nyuma yake, ukashika mkono wake pamoja na kisu, mkakata karoti pamoja mpaka bakuli likajaa. Baada ya miezi minane ndiye uliyemwachia ufunguo wa chumba.

Ukamtafutia kazi kwenye hoteli moja barabara ya kwenda Moshi. Alipika wiki mbili za majaribio wakampenda. Jumatatu alikuwa asaini mkataba, na alikuwa amejipanga kwamba kabla ya kusaini atamweleza meneja, Esther, habari ya kifungo chake kwa mdomo wake mwenyewe. Maneno yale aliyafanyia mazoezi mbele yako, mkiosha vyombo.

Esther anasali kanisa moja na Lilian. Jumamosi akampigia simu.

"Dada Lilian, nina binti hapa, Namnyaki, ametoka kwa mama yako. Anapika vizuri kweli. Unamfahamu?"

Lilian alikuwa na wageni sebuleni. Akatoka barazani. Angesema hamfahamu angekuwa amesema kweli, maana walikuwa wamesalimiana mara tatu tu, na habari ya kifungo aliisikia kwa watu. Lakini aliwaza: huyu akiharibu pale, jina litakalotajwa ni letu. Akasema, "Alikuwa jela huyo. Alimkata mtu. Mama ana huruma sana, anaamini wanabadilika. Huyo hajabadilika."

Anasema neno hilo la mwisho lilimtoka kirahisi, kama anayeagiza chai. Kisha akarudi ndani kwa wageni akakuta wameanza kucheka jambo fulani, naye akacheka nao.

Jumatatu Namnyaki alifika hotelini amevaa sketi mpya aliyoshonewa na Prisca, mwenzake wa darasani. Mlinzi alimpa getini bahasha ya malipo ya majaribio, akamwambia hahitajiki tena. Hakumwona Esther. Yale maneno aliyoyafanyia mazoezi hakupata wa kumwambia.

Jumatano ukaenda Njiro. Lilian akakuchemshia chai ya maziwa, ukakaa naye jikoni.

"Lilian, ulizungumza na Esther?"

"Kuhusu nini, Mama?"

"Kuhusu Namnyaki."

"Hapana. Labda wamesikia kwingine. Hapa mjini watu wanajuana."

Ulimtazama. Esther alikuwa ameshakueleza kila kitu asubuhi ile ile. Ukamaliza chai, ukasuuza kikombe mwenyewe, ukasema, "Haya, mwanangu." Ukamwomba asikusindikize.

Lilian alisimama dirishani akakuona ukitembea mpaka getini, mkoba umeukumbatia kifuani kama mtu mwenye baridi. Hapo ndipo alipojua kwamba umejua. Ana miaka thelathini na tisa, na anasema hajawahi kujiona mdogo kiasi kile. Akaamua aje Jumamosi akuombe radhi. Jumamosi kukawa na kikao cha harusi. Jumamosi iliyofuata kukawa na semina. Wiki ya tatu ukaanguka na kiharusi pale pale Ngarenaro, mbele ya meza yako, na waliokubeba mpaka kwenye gari ni wanafunzi wako.

Hospitalini ulikuwa husemi. Macho tu ndiyo yaliyozunguka. Lilian alipofika asubuhi ya kwanza alimkuta Namnyaki pembeni ya kitanda, anakunywesha uji kwa kijiko, taratibu, anakufuta kidevu kila baada ya funda.

Namnyaki alisimama. "Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Amekunywa nusu. Jioni nitaleta mtori mwepesi wa ndizi."

Siku tisa alikuja hivyo, asubuhi na jioni. Siku tisa Lilian alimwitikia marahaba. Alitaka kukuinamia sikioni akuambie, lakini kila alipopata nguvu kulikuwa na muuguzi, au mchungaji, au shangazi, au yule binti mwenyewe na chupa yake ya uji. Siku ya kumi hukuwepo.

Kwenye mazishi, Akheri, wanafunzi wako kumi na mmoja ndio waliopikia msiba mzima. Watu walisifu ule wali. Lilian ndiye aliyeandika wasifu wako na ndiye aliyeusoma. Alisoma shule uliyosoma, kwaya uliyoimba, hoteli ulizopika na vyeti ulivyopata. Alipofika kwenye miaka sita ya mwisho alisoma, "Baada ya kustaafu alijishughulisha na kusaidia vijana," akageuza karatasi. Wale vijana walikuwa wamesimama kando ya masufuria, wamevua kofia, wanasubiri kusikia walivyotajwa.

Mama, sisi sote tuliusikia wasifu ule. Hakuna aliyenyanyuka kuongeza neno.

Ilimchukua Lilian miezi minne kwenda kumtafuta Namnyaki mtaa wa Sakina. Huko alikuwa amefungua kibanda cha chakula jirani na mafundi magari. Alimkuta amekaa kwenye ndoo, anamenya ndizi. Lilian alikuwa amejiandalia maneno mengi, yakapotea yote. Akasema tu, "Namnyaki, ni mimi niliyekuharibia kule hotelini. Nilimwambia Esther. Na nilimwambia hujabadilika, wakati hata sikujui."

Namnyaki hakuacha kumenya. "Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano ile. Mwalimu alitoka kwako akaja moja kwa moja darasani. Alilia. Nikamuuliza, akaniambia."

"Kwa hiyo pale hospitali ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukanisalimia kila siku?"

"Ningefanyaje? Wewe ni mkubwa wangu. Na mama yako alikuwa anaumwa."

Lilian anasema alitamani atukanwe. Akakaa chini, kwenye tofali, kwa sketi yake ya ofisini. Akamweleza kwamba ameshakwenda kwa Esther, amesahihisha maneno yake, na Esther amesema nafasi ipo, aje hata kesho.

"Siendi," alisema Namnyaki. "Nakushukuru, lakini pale siendi. Mimi kama unataka kunifanyia kitu, nenda Ngarenaro. Wenzangu hawajui. Waliposikia wasifu walinyamaza, lakini waliumia. Kawaambie."

Darasa lako halikufungwa, Mama. Namnyaki na Prisca wanalishika Jumanne, Ijumaa na Jumamosi. Lilian alikwenda Ijumaa. Alisimama mwisho wa ile meza ndefu, visu vikanyamaza, akaeleza yote: simu, uongo aliokuambia jikoni kwake, na ule mstari mmoja wa wasifu. Hakulia, alikuwa amejikataza, asije akabembelezwa.

Lesian, yule aliyekubeba miguu siku uliyoanguka, ndiye aliyeuliza. "Ule wasifu uliuandika mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Tulikuwa kumi na mmoja pale kwenye masufuria, dada. Labda hukutuona."

"Niliwaona," alisema Lilian.

 Lesian akarudi kwenye vitunguu vyake, na wenzake wakarudi kwenye vya kwao. Hakuna aliyemfukuza wala aliyemkaribisha kiti.

Tangu siku hiyo anakwenda kila Jumamosi. Wanampa masufuria ya kuosha, anaosha. Yoeli naye aliingia ndani kwa mara ya kwanza mwezi wa kumi na moja, akashangaa kuona picha yake ya kipaimara umeibandika ukutani juu ya rafu ya viungo. Lesian akamwambia, "Mwalimu alikuwa anatusimulia habari zenu kila siku." Yoeli alitoka nje akakaa kwenye gari muda mrefu.

Hatujui ulikuwa ukisimulia nini kutuhusu, Mama. Tunaogopa kuuliza, maana tunakujua, utakuwa ulitusifu.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumamosi hii saa nne asubuhi, nyumbani Akheri. Safari hii wanafunzi wako watakaa mbele pamoja nasi. Kupika tutapika sisi, kwa hiyo wageni watuvumilie.

Yaliyompata Namnyaki tumeyaandika kwa ruhusa yake. Tulimpelekea karatasi hii kibandani kabla ya kuileta gazetini, akaisoma yote amesimama, akaomba kalamu. Alirekebisha umri wake. Kisha akakata sentensi moja, ile tuliyoandika kwamba amemsamehe Lilian.

"Hiyo bado," alisema. "Nikifika hapo nitasema mwenyewe."

Lilian alikuwepo. Alisema, "Sawa," na tumeiondoa.

Unakumbukwa na mume wako Nelson. Wanao Lilian na Yoeli. Mjukuu wako Anneth. Dada yako Sabina. Na wanafunzi wako Namnyaki, Prisca, Lesian, Loishiye, Theresia na Lemayian. Wengine watano wameomba majina yao yasiandikwe, nasi hatukuwauliza sababu.

Siku zote tutakuwa nawe moyoni, Mama.